Angela Mortimer, Wimbledon 1961 na sikio lisilosikia vizuri: jibu kwa mama wa mchezaji

*"Binti yangu ana miaka 14 na anacheza tenisi tangu akiwa na 9. Mwaka jana alipimwa, tukaambiwa sikio la kushoto limepungua nguvu sana na la kulia kidogo. Kocha akamtia moyo kwa habari za Angela Mortimer, Mwingereza aliyekuwa hasikii vizuri akachukua ubingwa wa Wimbledon 1961. Binti alifurahi, mpaka alipokwenda kusoma mwenyewe akakuta watu wanasema Mortimer alishinda kwa sababu mpinzani wake, Christine Truman, alianguka akaumia, na kwamba kabla ya siku ile hakuwa lolote. Mwingine kaandika kuwa uziwi wenyewe ndio uliompa ushindi. Sasa hataki kuvaa kifaa chake uwanjani. Ukweli ni upi, na mimi nimwambie nini?"*

Mama, asante kwa kuuliza kwa kirefu. Naona binti yako amepewa hadithi mbili zinazogombana: moja inasema Mortimer alibebwa na bahati, nyingine inasema alibebwa na uziwi. Zote mbili zinamnyang'anya yule mwanamke kazi yake ya miaka mingi, na zote mbili zinaweza kumpotosha mtoto. Acha nianze na ile fainali, kisha tuje kwenye sikio.

Fainali ilichezwa Julai 1961, kwenye nyasi zilizokuwa zimepata mvua. Truman alikuwa na miaka 20, mrefu, mwenye pigo zito la mkono wa mbele, na kipenzi cha watazamaji. Mortimer alikuwa na miaka 29. Truman alichukua seti ya kwanza 6-4, yaani gemu sita kwa nne, na katika ya pili alikuwa mbele 4-3 alipoteleza akaanguka vibaya. Hayo ni kweli na hakuna sababu ya kumficha mtoto. Ila mwambie achukue karatasi ahesabu. Kutoka pale 4-3, Mortimer alishinda gemu tatu mfululizo akaichukua seti 6-4, kisha seti ya tatu ikaenda mpaka 7-5. Maana yake ni kwamba baada ya kuanguka, Truman bado alishinda gemu tano na kumfikisha mwenzake hatua ya mwisho kabisa. Mchezaji aliyevunjika hachezi hivyo. Aliumia, mwendo ukapungua, lakini mechi haikuwa imekwisha. Ilibidi mtu aishinde. Jumla ya siku ile ni gemu 17 kwa 15.

Kuanguka kule kulimsaidia Mortimer? Ndiyo, kulimsaidia. Mchezaji mwenye nguvu anapopoteza kasi ya miguu, anayenufaika zaidi ni yule ambaye mchezo wake mzima ni kumhamisha mpinzani kutoka kona moja hadi nyingine. Mortimer alikuwa wa aina hiyo tangu mwanzo. Hakutegemea kishindo. Alikaa mstari wa nyuma, akaupeleka mpira mahali alipotaka, akasubiri. Asingekuwa na mchezo huo tayari mkononi, kuanguka kwa mtu mwingine kusingempa chochote.

Kuna jambo jingine la haki kulisema. Mwaka ule bingwa mtetezi, Maria Bueno wa Brazili, hakucheza kwa sababu ya ugonjwa wa ini, kwa hiyo droo, yaani mpangilio wa nani akutane na nani, ilikuwa nyepesi kuliko ambavyo ingekuwa. Lakini katika nusu fainali Mortimer alimtoa Sandra Reynolds wa Afrika Kusini, aliyewekwa namba moja katika orodha ya waliotarajiwa kushinda na aliyekuwa amefika fainali mwaka uliotangulia. Alimtoa kwa 11-9, 6-3. Mortimer mwenyewe alikuwa namba saba katika orodha hiyo na Truman namba sita. Hakuna aliyetarajia fainali ya Waingereza wawili. Haikuwa imetokea kwa wanawake pale Wimbledon tangu 1914, na mpaka leo haijatokea tena.

Sasa hilo la kwamba hakuwa lolote kabla ya 1961. Hapa ndipo ninapotaka binti atulie, maana ndipo penye chakula.

Mortimer alizaliwa Plymouth mwaka 1932, akalelewa kitenisi Torquay, mji wa pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, chini ya kocha Arthur Roberts katika viwanja vya hoteli ya Palace. Mwaka 1955, akiwa na miaka 23, alishinda ubingwa wa Ufaransa kwenye udongo mwekundu, akiwa Mwingereza wa kwanza mwanamke kufanya hivyo tangu 1934. Fainali ile dhidi ya Mmarekani Dorothy Knode ilikwisha 2-6, 7-5, 10-8. Tafadhali hesabuni na hiyo pia: kila mmoja alishinda gemu 19. Walilingana kabisa, na aliyebeba kombe ni yule aliyezishinda gemu zake mahali zilipokuwa na thamani. Wakati huo hapakuwa na gemu ya kuvunja sare. Wimbledon iliianza 1971. Kabla ya hapo, mkifika 6-6 mnaendelea tu mpaka mmoja aongoze kwa gemu mbili. Kwa hiyo mtu wa subira na mapafu mazuri alikuwa na silaha ambayo leo imefupishwa.

Mwaka huohuo wa 1955 alichukua ubingwa wa Wimbledon wa wachezaji wawiliwawili akiwa na Anne Shilcock. Iwekeni akilini hiyo, nitairudia. Mwaka 1956 alifika tena fainali ya Ufaransa, akafungwa 6-0, 12-10 na Althea Gibson, Mmarekani aliyekuwa mchezaji wa kwanza mweusi kutwaa moja ya mashindano makubwa manne. Linganisheni seti mbili zile. Mtu aliyechapwa sita kwa sifuri alirudi uwanjani akacheza gemu 22 katika seti iliyofuata. Baadaye alipata maradhi ya tumbo yaliyomdhoofisha sana. Mapema 1958, akiwa na miaka 25, alishinda ubingwa wa Australia kwa kumfunga Lorraine Coghlan 6-3, 6-4, na miezi michache baadaye akafika fainali ya Wimbledon, akafungwa tena na Gibson, 8-6, 6-2.

Basi huyo ndiye aliyeingia uwanjani 1961: bingwa wa nchi mbili, aliyekuwa amefika fainali ileile miaka mitatu kabla na kuikosa. Naye hakuwa akilipwa. Wakati ule mashindano haya yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Wimbledon ilianza kutoa fedha za zawadi mwaka 1968, ambapo bingwa wa wanawake alipata pauni 750 na wa wanaume 2,000. Baada ya kustaafu aliiongoza timu ya Uingereza katika Kombe la Wightman, mashindano ya wanawake wa Uingereza na Marekani, na 1993 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa tenisi duniani. Alifariki 2025 akiwa na miaka 93.

Haya, sikio. Kwanza, Mortimer hakuwa kiziwi kabisa. Usikivu wake ulikuwa umepungua. Ni kweli aliwahi kueleza kuwa kutosikia kelele nyingi kulimsaidia kuweka mawazo kwenye mchezo, na namwamini. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu kutumia vizuri hali aliyonayo na hali hiyo kuwa faida. Ili binti aione tofauti hiyo, inabidi aelewe sauti inafanya kazi gani uwanjani.

Mpira unapogongwa na raketi ya mpinzani, macho huona papo hapo, sauti huja nyuma kidogo. Kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma ni mita 23.77, na sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo inakufikia baada ya kama saba ya mia ya sekunde. Ni kidogo, lakini ubongo hushughulikia sauti haraka kuliko picha, hivyo mwishowe hizo mbili hufika karibu pamoja. Sauti hiyo humwambia mchezaji mambo ambayo jicho hukawia kuyajua. Pigo la bapa hutoa mlio mkavu, mfupi. Pigo la kuusugua mpira ili uzunguke hutoa mlio laini zaidi, kama kitambaa kinavutwa. Pigo lililogonga ukingoni mwa raketi hutoa mlio mbovu, na mchezaji anayesikia huanza kukimbia mbele kabla hata hajaona kuwa mpira utakuja mfupi.

Asiyepata habari hiyo kwa sikio lazima aipate kwa jicho, na mapema. Hii ndiyo kazi ambayo binti yako anapaswa kuifanya, nayo inafundishika. Aanze na sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo. Kocha apige sevu 20, na kila mara binti ataje upande mpira unakoelekea, "katikati" au "pembeni", kabla mpira haujavuka wavu. Asirudishe mpira, ataje tu. Macho yake yafuate mambo matatu kwa mpangilio: mpira uliorushwa juu uko mbele ya kichwa au umelalia nyuma; bega limefunguka au limefunga; uso wa raketi umeelekea wapi unapogonga. Wiki ya kwanza atakosa nyingi. Akifikia 14 kati ya 20, kocha aanze kuchanganya aina za mzunguko, naye ataje "bapa" au "mzunguko". Dakika kumi kila mazoezi zinatosha; zikizidi, macho huchoka na mtoto huanza kubahatisha.

Zoezi la pili ni la mpira mfupi. Kocha asimame mstari wa nyuma, apige mipira ya kawaida mitano au sita, kisha bila taarifa adondoshe mmoja nyuma tu ya wavu. Binti atazame mkono wa kocha: anayetaka kudondosha mpira hulegeza kiganja, hufupisha mzunguko wa raketi na mara nyingi huufungua uso wake kuelekea juu. Mwenye masikio mazuri huligundua pigo hili kwa ukimya wake. Binti aligundue kwa kiganja.

Makosa makubwa katika kumfundisha mtoto wa hali hii huwa ya kocha, na huwa hayajui. Anatoa maelekezo akiwa upande wa pili wa uwanja. Kumbuka kwamba mahali pa wazi sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Mazungumzo ya kawaida yana takriban desibeli 60 mkiwa mita moja. Mkiwa mita 16, zimebaki kama 36. Mtoto atasikia kuwa kocha anasema, lakini hatasikia anasema nini. Pengine ataitikia kwa kichwa, maana watoto hawa huchoka kuuliza mara ya tatu, na kocha ataondoka akidhani ni mbishi au mzito. Basi wakutane wavuni, uso kwa uso, kila maelekezo yanapobadilika. Na kocha asisimame jua likiwa mgongoni kwake: uso wake unakuwa giza, na mtoto anayesoma midomo haoni kitu.

Ndipo tunarudi kwenye kifaa. Sikubaliani na binti kukivua kwa sababu ya Mortimer, ila namwelewa. Upepo huvuma kwenye kinasa sauti, jasho huingia, kifaa hutikisika akikimbia, na mtu wa miaka 14 hapendi kutazamwa. Hayo yote yana tiba. Mtaalamu wa usikivu anaweza kukitengenezea mpangilio wa michezo unaopunguza kelele za upepo. Kipo kibanio chenye kamba kinachoshikwa kwenye kola ya fulana ili kifaa kisidondoke. Bandana nyepesi hunyonya jasho kabla halijafika. Akimaliza kucheza, akifute kwa kitambaa kikavu, afungue mlango wa betri kama ni ya kubadilisha, akilaze usiku ndani ya kopo lenye vifuko vya kukaushia unyevu. Asikiache kwenye gari juani. Vifaa vingi huharibiwa na unyevu na joto kuliko kuanguka.

Ushauri wangu ni avae mazoezini kila siku, kwa sababu mazoezini ndipo kuna maelekezo, wenzake na mipira inayotoka kila upande. Kwa mechi, mpeni nafasi ya kuchagua, lakini achague baada ya kujaribu: wiki mbili acheze seti za mazoezi akiwa nacho, wiki mbili bila, na aandike kila mara alivyokosea kwa kutosikia na alivyokosea kwa kusumbuliwa. Daftari hilo litampa jibu kuliko mimi. Jambo baya zaidi ni kukivaa siku moja, kukivua siku nyingine. Ubongo hauzoei lolote. Na mkienda mashindanoni, mwambieni mwamuzi mkuu kabla ya mechi kuwa ni kifaa cha tiba, asije akadhani ni cha mawasiliano.

Bado kabla ya mechi, akubaliane na mpinzani wavuni juu ya ishara. Kidole cha shahada juu, mpira umetoka. Kiganja kikiangalia chini, umeingia. Mkono mzima juu, mpira umegusa wavu na sevu irudiwe. Hesabu za gemu zionyeshwe kwa vidole kila mnapobadilishana upande. Inachukua nusu dakika na inazuia ugomvi ambao mara nyingi huishia kwa mtoto huyu kuambiwa amedanganya, kumbe hakusikia mwito.

Nilisema nitairudia ile ya wachezaji wawili. Wazazi wengi huwatoa watoto wenye tatizo la kusikia katika mchezo wa wawiliwawili wakidhani hautawezekana. Mortimer alichukua ubingwa wa Wimbledon humo kabla ya ule wa peke yake. Kinachotakiwa ni mpangilio. Sikio la binti yako lililo bora ni la kulia, kwa hiyo acheze upande wa kushoto wa uwanja ili mwenzake awe kuliani kwake. Anayesikia kwa sikio moja hupata shida kujua sauti inatoka wapi, hivyo neno "wangu!" kutoka nyuma linaweza kumfanya ageukie upande usio sahihi. Wakubaliane mapema: mpira wa katikati ni wa mwenye pigo la mkono wa mbele, mpira wa juu ni wa aliye nyuma, bila kuitana. Na ishara za mkono mgongoni kabla ya sevu, ambazo wachezaji wakubwa hutumia hata wakisikia vizuri.

Akiendelea kukua kimchezo, atakutana na njia mbili na hazizuiani. Mashindano ya kawaida yako wazi kwake. Lee Duck-hee wa Korea Kusini, ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa, alishinda mechi ya droo kuu ya ATP, ziara ya wanaume wanaolipwa, mwaka 2019 huko Winston-Salem, Marekani. Njia nyingine ni Olimpiki ya Viziwi, ambayo imekuwa na tenisi tangu michezo ya kwanza ya 1924 Paris. Huko sharti ni upungufu wa angalau desibeli 55 katika sikio lililo bora, na vifaa vyote huvuliwa wakati wa kushindana. Kwa maelezo yako, sikio lake la kulia limepungua kidogo tu, kwa hiyo huenda asifikie kiwango hicho. Msimwahidi kabla ya kuona vipimo.

Vipimo ndivyo vitakavyoamua mengi. Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo pamoja na mtaalamu wa usikivu, na mwombe mambo mawili. La kwanza ni odiogramu, yaani mchoro wa vipimo vya usikivu, inayoonyesha ni sauti nyembamba au nzito zilizopotea, maana mtu aliyepoteza sauti nyembamba mara nyingi husikia kwamba mtu anasema lakini hayatambui maneno vizuri, na aliyepoteza sauti nzito hali yake ni tofauti; mazoezi yao si yaleyale. La pili ni kupimwa usawa wa mwili, kwa sababu sehemu ya sikio la ndani inayosikia imeungana na ile inayotuweka wima. Kama binti huyumba akigeuka haraka kufuata mpira wa juu, hilo si uzembe, linahitaji kuangaliwa.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi. Usikivu ukishuka ghafla ndani ya saa chache au siku mbili tatu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Dawa husaidia zaidi zikianza mapema. Vivyo hivyo kizunguzungu kikali, usaha au damu sikioni, au sikio kuziba baada ya kupigwa na mpira. Msiweke mafuta wala pamba ya kijiti. Na odiogramu ikitoka, toeni nakala mbili: moja ya nyumbani, moja akabidhiwe kocha mkononi, mama ukiwapo, ili umwonyeshe asimame upande wa sikio lipi anapozungumza naye.